Barua ya wazi kwa wakuu wa maabara za Lubumbashi: maji kwanza, samaki baadaye

Kwa wakuu wa vyuo vikuu na taasisi za juu za Lubumbashi. Kwa madekano wa sayansi, kilimo, tiba ya mifugo na afya ya jamii. Kwa wanaoshika mifuko ya utafiti mkoani Haut-Katanga. Na kwa wakubwa wa kampuni za madini wanaolipia vipimo vya mito yetu.

Waheshimiwa wakubwa wetu,

Pokeeni salamu zetu za heshima. Sisi ni watu wa kazi ya maji na samaki wa maabara: tunapima, tunachuja, tunasafisha matangi, tunahesabu mayai. Tunawaandikia kwa sababu mpango wa kufungua chumba cha samaki-pundamilia unapoandikwa, mara nyingi orodha ya manunuzi huanza na darubini, kompyuta na samaki wenyewe, na maji huja mwisho kabisa, katika mstari mmoja wa kuunganisha bomba. Tunawaomba mpindue orodha hiyo. Fedha za kwanza ziende kwenye maji na kwenye umeme wa kuyahudumia, na asinunuliwe samaki hata mmoja kabla maji hayo hayajapimwa na kukaa sawa kwa wiki 6 mfululizo.

Samaki tunayemzungumzia ni Danio rerio, mdogo wa sentimita 3 hadi 4, mwenyeji wa vijito na mashamba ya mpunga ya India, Bangladesh na Nepal. Aliingia maabara kwa nguvu kupitia kazi ya George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, aliyechapisha matokeo yake makubwa mwaka 1981. Jike moja hutaga mayai mia na zaidi kwa asubuhi moja, yai linaangaza kama kioo, moyo huanza kupiga baada ya takriban saa 24, na mtoto huanguliwa siku ya 2 au ya 3. Mwaka 2013 shirika la ushirikiano wa kiuchumi la OECD lilipitisha kipimo namba 236 kinachotumia mayai hayo: viini 20 (yaani mayai yaliyorutubishwa na kuanza kukua) kwa kila kiwango cha maji yanayochunguzwa, saa 96, nyuzi 26. Kwa mji uliojengwa juu ya shaba na kobalti, kipimo hicho ni hazina. Maji ya mto Kafubu au ya mto Naviundu yanaweza kuulizwa swali Jumatatu na kujibu Ijumaa.

Lakini samaki anayehisi shaba ya mtoni anahisi pia shaba ya bomba lenu. Hapo ndipo kiini cha barua hii. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha shaba katika maji ya kunywa kuwa miligramu 2 kwa lita, yaani mikrogramu 2,000. Mtu anakunywa na haoni neno. Kwa kiluwiluwi wa samaki-pundamilia, mikrogramu 20 tu zinatosha kuua, ndani ya saa chache, seli za mstari wa ubavuni anazotumia kusikia mtikisiko wa maji. Shaba ikizidi kidogo, inaziba njia ambazo matamvua hutumia kuvuta chumvi ya sodiamu kutoka majini, na samaki anakufa kwa kuishiwa chumvi ya mwili huku maji yakionekana meupe na safi. Kwa hiyo cheti kinachosema maji ya jengo yanafaa kwa kunywa hakiwezi kuwa kibali cha kufuga samaki hawa. Tafadhali msikikubali mezani kwenu kama kibali.

Vifo vyenyewe si hatari kubwa kuliko zote, maana samaki akifa mtu anauliza kwa nini. Kibaya zaidi ni maji yanayowaacha hai lakini wadhaifu: wanataga kidogo, mayai meupe yaliyooza yanaongezeka, viini vya udhibiti, vile vya maji safi ya kulinganishia, vinapiga moyo polepole. Mtafiti analinganisha maji ya mto na maji ya udhibiti ambayo nayo yana sumu, anaona tofauti ndogo, anaandika kwamba mto hauna shida. Ripoti hiyo inafika kwa mkuu wa kampuni, kwa serikali, kwa wakazi wanaofulia na kumwagilia mboga kwa maji yale yale. Kosa la bomba la maabara linakuwa cheti cha usafi kwa mto.

Basi upimaji uanze kabla ya jiwe la kwanza la ukarabati. Mchukue sampuli katika sehemu nne. Ya kwanza ni maji ya asubuhi, yaliyolala bombani usiku kucha, kabla mtu yeyote hajafungua. Ya pili ni kutoka bomba hilo hilo baada ya maji kukimbia dakika 5. Tofauti kati ya hizo mbili inawaambia kama shaba na zinki vinatoka kwenye mabomba ya jengo au vinakuja na maji kutoka nje. Bila sampuli zote mbili mtabadilisha mabomba bure au mtalaumu Regideso, shirika la maji ya bomba, bure. Ya tatu ni maji yaliyopita kwenye mtambo wa kusafishia. Ya nne, ambayo husahaulika, ni maji ya mfumo mzima uliokwisha kufungwa, ukazungushwa siku 7 bila samaki: hiyo inafichua valvu ya shaba nyeupe iliyojificha, gundi isiyokauka, hita yenye kutu. Chupa ziwe za plastiki, zimeoshwa kwa asidi ya nitriki ya asilimia 10 na kusuuzwa kwa maji safi kabisa. Sehemu ya sampuli ichujwe kwa karatasi ya mikromita 0.45 ili kujua shaba iliyoyeyuka, kisha itiwe asidi ya nitriki mpaka pH, kipimo cha uchachu wa maji, ishuke chini ya 2. Bila hivyo madini hunata kwenye kuta za chupa na mashine itasoma kidogo kuliko ukweli. Upimaji ufanyike kwenye mashine inayoona mikrogramu: spektrometa ya tanuru ya grafiti au ile ya plazma. Vijiti vya rangi vinavyouzwa kwa wafugaji wa samaki wa mapambo havioni chini ya sehemu ya kumi ya miligramu, na mikrogramu 100 ni nyingi mno kwa kazi yetu. Sampuli zichukuliwe mara mbili, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, kwa kuwa maji ya Januari na maji ya Agosti si maji mamoja.

Kikomo tunachowaombea kwa maji ya kufugia ni shaba chini ya mikrogramu 10 kwa lita, na kwa maji ya vipimo iwe chini ya uwezo wa mashine kuiona.

Kufika hapo, chanzo chochote mtakachochagua, njia ni utando wa osmosisi kinyume, unaopitisha maji na kuzuia chumvi na madini. Mpangilio wake haubadilishwi: kwanza chujio la mikromita 5 la kukamata tope na kutu, pili mkaa amilifu wa kuondoa klorini, tatu utando, mwisho tangi la plastiki lenye kifuniko. Fundi akiweka utando kabla ya mkaa ili kuokoa nafasi, klorini ya Regideso itautoboa ndani ya miezi na hakuna atakayejua mpaka apime. Njia ya kujua ni rahisi: pimeni upitishaji umeme wa maji kabla na baada ya utando kila siku. Ukiwa mzima unazuia asilimia 95 au zaidi ya chumvi. Siku unapoanza kuachia zaidi ya sehemu moja ya kumi, ubadilishwe. Mkaa nao huchoka kimya kimya, kwa hiyo klorini ipimwe baada ya mkaa kila juma, na ionekane sifuri.

Watunga bajeti huwa wanashtuka kwa maji yanayotupwa. Mtambo mdogo hutoa lita 1 safi na kumwaga lita 3. Mfumo wa matangi yenye lita 1,000 kwa jumla unahitaji kubadilishiwa asilimia 10 ya maji kila siku, yaani lita 100. Ili kuzipata, lita 400 zinapita mlangoni. Maji yanayomwagwa si machafu, yamekolea chumvi tu: yanafaa kuoshea sakafu na vyoo. Na kwa kuwa bomba hukauka, akiba ya siku 3 ni lita 300 za maji safi au lita 1,200 za maji ghafi. Presha ya bomba katika mitaa mingi haitoshi kusukuma utando, hivyo pampu ya kuongeza nguvu iwemo kwenye bei tangu mwanzo. Mjue pia kwamba utando hutoa maji machache zaidi kwenye baridi, takriban asilimia 3 kwa kila nyuzi moja chini ya 25. Mtambo unaotosha Oktoba unaweza kupungukiwa Julai.

Wapo wanaotaka kuruka utando na kutumia thayosalfeti ya sodiamu kuondoa klorini. Kwa shamba la samaki wa kula ni sawa: karibu miligramu 7 za fuwele zake huondoa miligramu 1 ya klorini mara moja. Kwa maabara ya madini tunawasihi msiiruhusu. Thayosalfeti inashikamana na shaba na kuificha, na zile dawa za madukani zinazodaiwa kufunga metali nzito hufanya hivyo hivyo. Mkiitia kwenye maji ya kipimo, mmekwisha kubadilisha swali kabla ya kuuliza. Klorini iondolewe kwa mkaa peke yake. Na dawa ya samaki yenye salfeti ya shaba isivuke mlango wa chumba hicho hata siku moja.

Kuhusu visima vya kuchimba, ambavyo taasisi nyingi zimejipatia ili zisitegemee bomba: miamba ya hapa ina dolomiti, na maji yake mara nyingi huja na kalsiamu na magnesiamu nyingi pamoja na gesi ya kaboni. Yakitoka ardhini pH huonekana ya wastani, halafu gesi inapotoka pH hupanda. Msipime kisimani tu. Wekeni maji hayo kwenye ndoo yenye pampu ya hewa saa 24, kisha mpime tena, na namba ya pili ndiyo ya kufanyia kazi. Kalsiamu na magnesiamu hizo, ndizo ugumu wa maji, pia huganda juu ya utando kama ukoko wa sufuria ya chai, kwa hiyo kisima chenye maji magumu kinahitaji kilainisha-maji kabla ya utando.

Maji yakishasafishwa hayana kitu ndani, na samaki hawezi kuishi katika maji matupu. Lazima yarudishiwe chumvi. Gramu 250 za chumvi ya bahari ya akwariamu katika lita 1,000 hufikisha upitishaji umeme karibu mikrosimensi 450 hadi 500 kwa sentimita. Gramu 100 za bikaboneti ya sodiamu huongeza takriban 100 na kutoa ualkali wa miligramu 60 kwa lita, kinga inayozuia pH isianguke. Hiyo inatosha kwa samaki wazima, ambao hustawi kati ya 300 na 1,500, mradi namba isirukeruke. Chumvi ya jikoni haifai: imetiwa iodini na dawa ya kuzuia kuganda, na haina kalsiamu ambayo yai linahitaji ili gamba lake likaze.

Kwa maji ya kipimo chenyewe, mapishi ni mengine na hayabahatishwi. Tayarisheni chupa nne, kila moja ya lita 1: gramu 11.76 za kloridi ya kalsiamu yenye molekuli 2 za maji, gramu 4.93 za salfeti ya magnesiamu yenye molekuli 7 za maji, gramu 2.59 za bikaboneti ya sodiamu, gramu 0.23 za kloridi ya potasiamu. Chukueni mililita 25 kutoka kila chupa, mjaze kwa maji safi mpaka lita 1, mpulize hewa. Hapa tunaomba watafiti wakuu watusikilize vizuri. Maji hayo ni magumu, miligramu 250 kwa lita yakihesabiwa kama kaboneti ya kalsiamu, na ugumu hupunguza ukali wa shaba kwa sababu kalsiamu hugombania nayo nafasi kwenye matamvua. Mto wenye maji laini ukichanganywa na maji haya utaonekana mpole kuliko ulivyo. Kwa hiyo kila kipimo cha mto kiambatane na kundi la pili la udhibiti, lenye ugumu uliolingana na wa mto huo, na ripoti iseme ugumu, pH na kaboni ya viumbe iliyoyeyuka. Ripoti isiyo na namba hizo tatu irudishwe.

Baada ya shaba, adui wa kila siku ni amonia. Samaki huitoa kwa matamvua, chakula kilichobaki huongeza. Sumu yake inategemea pH: kwa maji ya nyuzi 28, pH ikiwa 7 ni asilimia 0.7 tu ya amonia yote iliyo katika umbo linaloua. Kwenye pH 8 inafika karibu asilimia 6.5, kwenye 8.5 ni asilimia 18. Miligramu 0.5 ya amonia isiyomdhuru samaki kwenye pH 7 inakuwa hatari asubuhi ambayo mtu amemimina bikaboneti nyingi kwa mkono. Ndiyo maana tunataka pH ikae kati ya 7.0 na 7.8, na marekebisho yafanywe kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Amonia inaliwa na bakteria wa chujio, kundi moja likiigeuza nitriti na lingine likiigeuza nitrati. Bakteria hao hawanunuliwi wakaanza kazi kesho. Wiki 6 tulizotaja mwanzoni ni zao. Katika mfumo wa lita 1,000 usio na samaki, tieni gramu 7.6 za kloridi ya amonia, sawa na miligramu 2 za naitrojeni kwa lita, pimeni kila siku, na rudieni dozi kila inapoisha. Kwanza amonia inashuka na nitriti inapanda juu sana. Watu wengi hukata tamaa hapa au hununua samaki mapema kwa kuona amonia imekwisha. Chujio limekomaa siku ambapo dozi nzima inapotea ndani ya saa 24 na nitriti inasoma sifuri. Bakteria hao pia hula ualkali: kila gramu 1 ya naitrojeni ya amonia humaliza gramu 7 za ualkali, ambazo hurudishwa kwa gramu 12 za bikaboneti. Mfumo usiorudishiwa unaendelea vizuri wiki nyingi, halafu pH inaporomoka chini ya 6.5, bakteria wanalegea, na amonia inapanda yote kwa pamoja. Watu husema samaki wamekufa ghafla, kumbe ni deni la wiki nyingi.

Joto. Samaki hawa wanataka nyuzi 28, na Lubumbashi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, ina usiku wa Juni na Julai unaoshuka hata chini ya 10. Kuinua lita 1,000 kwa nyuzi 8 kunahitaji kilowati-saa 9.3, kabla ya kuhesabu joto linalopotea ukutani. Ni bora kupasha chumba kizima, kuziba madirisha na kuweka dari yenye kinga, kuliko kupasha kila tangi katika chumba cha baridi. Vinginevyo ukuta utatoka jasho, kuvu itaota, na hita zikifa moja moja hakuna atakayeona.

Jambo moja zaidi la baridi ambalo mafundi wengi hawajaambiwa: maji ya nyuzi 20 yakipashwa haraka hadi 28 katika bomba lililofungwa hubaki na gesi nyingi kuliko yanavyoweza kubeba. Gesi hiyo hutoka ndani ya damu ya samaki. Utaona mapovu machoni na kwenye mapezi. Maji mapya yapashwe katika tangi la wazi lenye mawe ya hewa usiku mzima kabla ya kuingia kwenye mfumo. Mapovu hayo hayo hutokea pampu inapovuta hewa kwenye kiungo kilicholegea. Na kwa sababu ya mwinuko wetu, maji ya nyuzi 28 hapa hubeba takriban miligramu 6.8 za oksijeni kwa lita, wakati usawa wa bahari yangebeba 7.8. Kipimo cha oksijeni kiwekewe presha ya hapa, la sivyo asilimia zake zitakuwa za mji mwingine. Kipimo 236 kinadai asilimia 80 mwishoni mwa saa 96.

Umeme. Tunajua nyinyi nyote mnaishi na delestaji, yaani mgao wa umeme, kama sisi, kwa hiyo hatutarefusha habari zake, tutasema mpangilio tu: hewa kwanza, mzunguko wa maji pili, joto tatu, taa mwisho. Samaki huvumilia kushuka taratibu hadi nyuzi 24 kwa saa kadhaa. Kukosa hewa hawavumilii, na bakteria wa chujio ndio wa kwanza kuumia. Chujio la kopo lililofungwa likikaa saa nyingi bila mkondo, bakteria hufa na kuoza humo ndani. SNEL, shirika la umeme, ikirudisha umeme, pampu inamwaga uozo huo juu ya samaki. Chagueni chujio la wazi, la maji kudondoka juu ya vipande vya plastiki. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isiharibike, huendesha pampu ya hewa ya wati 40 kwa takriban saa 12 hadi 15. Ni gharama ndogo kuliko zote zilizomo katika barua hii na ndiyo inayookoa zaidi. Jenereta iwe ya pampu na hita, na moshi wake usielekee kwenye mdomo wa pampu ya hewa. Nyaya zote za chumba zipite kwenye disjonkta (swichi inayojikata umeme unapovuja) ya miliampea 30, kwa maana mikono ya watu itakuwa majini.

Nyumba yenyewe ya samaki inaweza kutengenezwa hapa. Mafundi wetu wa vioo na wachomeleaji wa Lubumbashi wana uwezo huo, mradi wapewe masharti kwa maandishi: silikoni isiyo na dawa ya kuvu, tofauti na ile ya bafuni, mabomba ya PVC yaliyoachwa gundi ikauke na kusuuzwa siku kadhaa, hakuna shaba, hakuna shaba nyeupe, hakuna bati la zinki mahali maji yanapogusa au mvuke unapodondokea. Rafu ya lita 500 ina uzito wa nusu tani kabla ya chuma chake, kwa hiyo ikae chini, si ghorofani, na sakafu iteremke kuelekea tundu la maji. Samaki wazima wawe 5 kwa lita, na mapendekezo ya Ulaya ya mwaka 2020 yanakubali 4 hadi 10. Wachache mno pia si huruma: mmoja mmoja hujificha, wawili wawili hupigana mpaka mnyonge achakae. Ni samaki wa kundi, na picha ya changarawe chini ya tangi au jani la plastiki huwatuliza. Taa ziwake saa 14 na kuzimwa saa 10 kwa saa ya kujiendesha yenye betri, kwa sababu wanataga taa inapowaka. Saa ikiyumba na umeme, mayai yanayumba nayo. Sehemu ya kutagia iwe na wavu chini, maana wazazi hula mayai yao.

Kila tangi liwe na kifuniko. Vumbi la kiangazi la mji huu si udongo mtupu. Ikiwa vumbi lina shaba asilimia 1, na katika mtaa wa Penga Penga, ulioangukiwa na moshi wa kiwanda cha zamani cha kuyeyushia shaba, udongo una sifa mbaya ya namna hiyo, basi miligramu 10 zilizoangukia lita 1 ya maji hubeba mikrogramu 100 za shaba. Si yote itayeyuka, lakini kiasi kidogo tu kinatosha. Viatu vya nje viishie mlangoni, madirisha yasifunguliwe, kupiga deki kwa kitambaa cha maji kuwe badala ya ufagio.

Chakula kiwe kile samaki wanachomaliza ndani ya dakika 5, mara 2 au 3 kwa siku. Viluwiluwi waanze siku ya 5 na vijidudu vya maji, kisha artemia, vikamba vidogo vya majini. Samaki wapya wasiletwe wazima. Waletwe kama mayai, yaoshwe kwa klorini ya miligramu 25 hadi 50 kwa lita, dakika 5 hadi 10, na wakuzwe chumba cha pembeni chenye nyavu na ndoo zake. Dozi hiyo haiui mbegu zote za vimelea aina ya Pseudoloma, kwa hiyo samaki hao wakikua na kutaga, wapimwe wao kabla watoto wao hawajaingia mfumo mkuu. Mikono yenye vidonda ivae glavu, kwa kuwa bakteria Mycobacterium marinum hutoka kwa samaki akaingia ngozini mwa mtu. Na kwa vile samaki huyu si wa mito yetu, maji yanayotoka yapite kwenye wavu wa matundu chini ya nusu milimita, kisha kwenye tangi la klorini, kabla ya kufika mtaroni. Yai moja likifika Kafubu hatuwezi kuliita lirudi.

Waheshimiwa, vifaa hivi vyote havina maana bila mtu. Tunaomba nafasi mbili za watunzaji wa kudumu, wenye mshahara unaotoka kwenye bajeti ya taasisi na si kwenye mradi wa miaka 2, ili Jumapili, sikukuu na siku za mgomo zisiwe siku za kifo. Wawe na daftari la kila siku lenye joto, pH, upitishaji umeme, amonia, nitriti, oksijeni, idadi ya waliokufa na sahihi. Wawe pia na ruhusa yenu kwa maandishi ya kusimamisha kipimo cha profesa yeyote viini vya udhibiti vinapokufa zaidi ya asilimia 10, kama kanuni yenyewe inavyotaka, bila kuogopa cheo chake.

Tunachoomba kianze sasa ni barua moja ya kwenu inayoagiza sampuli zile nne zichukuliwe katika majengo mnayofikiria, mara moja msimu huu wa mvua na mara moja kiangazi kinachofuata, na matokeo yabandikwe mahali ambapo wanafunzi na wananchi wanaweza kuyasoma. Jengo litakaloonyesha shaba ya chini kuliko mengine ndilo lipewe chumba, hata kama ni dogo, hata kama liko mbali na ofisi kuu. Tuko tayari kuja na chupa zetu zilizooshwa, kusimama na mafundi wenu asubuhi bomba linapofunguliwa mara ya kwanza, na kuwafundisha bure vijana mtakaowachagua kuchukua sampuli hizo.

Kwa heshima kubwa,

Watunza samaki wa maabara na wapimaji wa maji, Lubumbashi